Ziwa Mahoma: siku tatu kuizunguka hazina ya maji ya Rwenzori

Milima ya Rwenzori, iliyo mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inajulikana duniani kwa theluji yake inayokaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Wageni wengi waendao huko hukaza macho juu, kwenye kilele cha Margherita chenye kimo cha mita 5,109, ambacho barani Afrika kinapitwa na vilele vya Kilimanjaro na Mlima Kenya pekee. Lakini mbali chini ya kilele hicho, kwenye kimo cha karibu mita 3,000, lipo ziwa dogo liitwalo Mahoma. Ziwa hilo lina njia yake ya miguu: njia ya duara, yenye urefu wa kilomita zipatazo 28, ambayo mtu mwenye afya njema huimaliza kwa siku tatu bila kamba wala vifaa vya kupandia barafu.

Anayeifuata njia hiyo haikanyagi theluji. Huiona kwa mbali tu, mawingu yakimjalia. Badala yake hupita katika msitu, mianzi na vinamasi, sehemu ambazo wapandaji wa vilele huzipita kwa haraka wakiwaza yaliyo mbele. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika mito ya Rwenzori unaonyesha kwamba ni sehemu hizo, wala si barafu ya vileleni, zinazowapatia maji watu wa bondeni. Kwa sababu hiyo safari ya kulizunguka Ziwa Mahoma ni zaidi ya matembezi. Ni njia ya kuona kwa macho mahali mlima unapoweka akiba yake, wakati ambapo theluji iliyoupa sifa inakaribia kwisha.

Mahali lilipo

Ziwa Mahoma limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, upande wa Uganda, katika wilaya ya Kasese. Lango la kuingilia liko Nyakalengija, kijiji kilicho katika bonde la mto Mubuku, kwenye kimo cha mita 1,600 na ushei. Kutoka mji wa Kasese hadi hapo, gari hufuata kwanza barabara kuu ya Fort Portal, kisha hukata kushoto kuelekea milimani.

Msafiri atokaye Kigali kwa barabara huweza kuvuka mpaka Gatuna, akapitia Kabale na Mbarara, kisha akashika barabara ya Ishaka inayoteremka katika Bonde la Ufa na kupita ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Hapo Katunguru atavuka daraja la mlango wa maji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Maji anayoyavuka yametoka kwa sehemu kubwa huko huko aendako. Mto Mahoma huingia katika Mubuku. Mubuku huteremka hadi Ziwa George. Kutoka hapo maji hupita Kazinga kwenda Ziwa Edward, hufuata mto Semliki hadi Ziwa Albert, na mwisho huingia katika mto Nile.

Kwa wasikilizaji waliozoea milima ya Virunga, yafaa kutaja tofauti moja. Ziwa lililo juu ya Bisoke, mpakani mwa Rwanda na Kongo, limejaa katika shimo la volkano. Rwenzori si volkano. Ni pande kubwa la miamba ya kale sana lililoinuliwa na nguvu za ardhi zilizolipasua Bonde la Ufa. Maziwa yake, Mahoma likiwa mojawapo, hayakuchimbwa na moto wa chini ya ardhi bali yalitengenezwa na barafu.

Wenyeji na jina la mlima

Wakazi wa mitelemko hii ni Wakonzo, watu ambao lugha yao iko karibu mno na ile ya Wanande wa upande wa Kongo. Katika Lukonzo, theluji huitwa nzururu, na kutokana na neno hilo likapatikana jina Rwenzururu, yaani mahali pa theluji. Katika imani ya jadi, Nzururu ni baba wa roho wawili, Kitasamba na Nyabibuya, ambao uhai, uzazi na ustawi wa watu uko mikononi mwao. Mlima kwao haukuwa mahali pa kwenda kujifurahisha. Ulikuwa mahali pa kuwinda, kuchuma dawa, kukata mianzi na kufanya matambiko, na palikuwa na adabu za kuufikia.

Walimwengu wa mbali walikuwa na habari za uvumi tu. Ptolemy, mwanajiografia wa kale wa Aleksandria, aliandika juu ya Milima ya Mwezi inayoulisha mto Nile, na wengi wameihusisha Rwenzori na maandishi hayo. Henry Morton Stanley aliiona theluji yake mwaka 1888. Mwaka 1906, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, aliongoza msafara uliopanda vilele vikuu, ukavipima na kuvipiga picha. Picha na ramani hizo ndizo zinazotumika hadi leo kulinganisha barafu ya wakati ule na ya sasa.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1991, na mwaka 1994 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, likaiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Vita vya waasi wa ADF viliifunga milango yake tangu mwaka 1997 hadi 2001, na kati ya mwaka 1999 na 2004 ilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2009 iliongezewa hadhi nyingine: iliingizwa katika Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hadhi hiyo ya tatu haisemwi sana na watu, lakini ndiyo inayohusu zaidi eneo la Ziwa Mahoma.

Siku ya kwanza: msituni

Safari huanza Nyakalengija, ambako wageni huandikishwa, hukabidhiwa kiongozi na kugawa mizigo kwa wapagazi. Hakuna anayeruhusiwa kuingia peke yake. Wengi wa viongozi na wapagazi ni Wakonzo wa vijiji vya jirani. Chama chao cha kuhudumia wapandaji, Rwenzori Mountaineering Services, kilianzishwa mwaka 1987, kabla hata hifadhi haijatangazwa.

Dakika za mwanzo hupita kati ya mashamba. Upande huu na huu kuna migomba, mihogo, maharage na mibuni ya arabika, zao linaloleta fedha katika nyumba nyingi za mitelemko hii. Kisha shamba la mwisho huisha ghafula, na msitu huanza. Hakuna eneo la katikati. Mpaka wa hifadhi unaonekana kama mstari uliochorwa, na mgeni huelewa mara moja jinsi ardhi ilivyo adimu upande wa chini.

Msituni hewa hubadilika. Jua halifiki chini, ardhi ina unyevu daima, na matawi yamevikwa kuvumwani na mimea inayoning'inia. Kima na mbega huonekana juu ya miti. Sokwe wapo, lakini husikika zaidi ya kuonekana. Mwenye bahati humwona shorobo wa Rwenzori, ndege mwenye mabawa yenye wekundu mkali unaofunuka anaporuka, au kinyonga dume mwenye pembe tatu, ambaye makao yake ni misitu ya nyanda za juu za eneo hili la Bonde la Ufa. Njia hupanda bila huruma, na mahali pengi hatua hukanyaga mizizi na matope badala ya udongo mkavu.

Kambi ya usiku wa kwanza, Omu'ka Kizza, iko juu ya ukingo wa mlima, kwenye kimo kinachokaribia mita 3,000. Jua likichwa, baridi huingia upesi. Usiku, kilio cha perere hutoka mitini, sauti kali inayopanda hatua kwa hatua na kumshtua mgeni asiyejua kwamba mlio huo hutoka kwa mnyama mdogo asiyezidi ukubwa wa sungura mnene.

Siku ya pili: mianzi, erika na ziwa

Asubuhi ya pili njia hupita katika mianzi, kisha katika miti ya erika. Mmea huo, ambao katika nchi nyingine ni kichaka cha kufika magotini, hapa huwa mti wenye shina lililopinda na ndevu ndefu za kijivu zinazoning'inia. Ardhi chini yake imefunikwa na zulia nene la kuvumwani. Mtu akibonyeza zulia hilo kwa mkono, maji hutoka kama katika sifongo. Kitendo hicho kidogo ndicho maelezo mafupi kuliko yote ya jinsi Rwenzori inavyotunza maji.

Katika vinamasi mwendo hupungua. Kuna sehemu zilizowekwa madaraja ya mbao, na kuna sehemu ambako mguu huzama matopeni hadi kwenye ndama. Viongozi huwasisitizia wageni waifuate njia moja badala ya kutafuta pakavu pembeni, kwa kuwa kila mguu unaokwepa tope huua mimea ya ukingoni na kuipanua njia. Kinamasi kilichokanyagwa huchukua muda mrefu kupona, na mfereji mmoja unaochimbwa na nyayo huweza kuanza kukikausha.

Ziwa lenyewe hujitokeza kwa ghafula kati ya miti. Halina ukubwa wa kushangaza, wala halina ufuko. Misitu inashuka hadi majini, na mawingu hupita juu yake karibu kiasi kwamba ng'ambo huonekana na kupotea mara kadhaa katika saa moja. Kambi iko karibu, na wengi hulala hapo usiku wa pili. Mbingu zikifunguka, kwa kawaida alfajiri, vilele vya juu huonekana upande wa magharibi, na hapo ndipo mgeni wa njia hii huiona theluji, kama itaonekana.

Siku ya tatu: kuteremka juu ya kazi ya barafu

Siku ya mwisho njia huelekea Nyabitaba, ambako hukutana na njia kuu iendayo vileleni, kisha huteremka kurudi Nyakalengija. Mteremko huo ni mkali, nao umejaa makangaga yanayofika kifuani. Magoti huumia hapa kuliko mahali pengine popote, na wapandaji wanaorudi kutoka Margherita huulaani mteremko huu wakidhani ni kilima cha kawaida.

Si kilima cha kawaida. Ukingo huo mrefu ni moreni, yaani lundo la mawe na udongo lililosukumwa na kuachwa na mto wa barafu. Zamani barafu hiyo ilijaza bonde lote la Mubuku na kushuka hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo leo pana msitu mnene na, hatua chache mbele, mashamba ya kahawa. Chini kabisa, njia huuvuka mto Mahoma na kurudi langoni ilikoanzia.

Ziwa lililoachwa na barafu

Ziwa Mahoma lilizaliwa kutokana na moreni hizo. Barafu iliporudi nyuma, iliacha kuta za mawe na kati yake mabonde madogo yasiyo na njia ya kutolea maji kwa urahisi. Mvua ikayajaza. Tangu hapo, kila mwaka tope laini na chavua ya mimea imekuwa ikitulia chini ya ziwa, tabaka juu ya tabaka, kama daftari lisilofutwa.

Mwanasayansi wa kwanza kulifungua daftari hilo alikuwa Mmarekani Daniel Livingstone, ambaye hapaswi kuchanganywa na David Livingstone, mmisionari wa karne ya 19. Alitoboa tope la ziwa, akachukua sampuli za tabaka za chini kabisa na kuzipima umri kwa njia ya kaboni. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1962, yalionyesha umri wa karibu miaka 15,000. Maana yake, ziwa tayari lilikuwapo wakati huo, na barafu ilikuwa imekwisha kupaacha mahali hapo. Tafiti za karne hii, zilizopima muda ambao mawe ya moreni za Rwenzori yamekaa wazi chini ya anga, zimeonyesha kwamba kurudi nyuma kwa barafu kulianza mapema zaidi, karibu miaka 20,000 iliyopita.

Kwa hiyo mtu aliyesimama ukingoni mwa Mahoma amesimama mahali ambapo barafu iliaga zamani sana. Tofauti ya leo ni kasi. Mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa na eneo la karibu kilomita 6.5 za mraba, nayo ilikuwa kwenye milima sita. Kufikia mwaka 2003, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, kwenye milima mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Tangu hapo imeendelea kupungua, na barafu ya maana iliyosalia iko kwenye Mlima Stanley. Watu wazima wa Kasese waliokua wakiuona weupe wa vilele kutoka bondeni sasa huwaonyesha watoto wao miamba mitupu.

Maji hutoka wapi?

Kupotea kwa theluji kumezua hofu inayoeleweka. Ikiwa barafu itakwisha, je, mito itakauka? Swali hilo si dogo katika Kasese. Maji ya Mubuku hunyweshea skimu ya umwagiliaji, huzungusha mitambo ya umeme, ikiwamo ile ya Bugoye yenye uwezo wa megawati 13, na hutumika majumbani.

Watafiti walioyapima maji hayo kutoka kwenye barafu hadi chini ya mlima walipata jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Mchango wa barafu inayoyeyuka katika maji ya Mubuku yanayofika chini ya mlima haufiki asilimia 2. Mto huo hunenepa hasa unapopita kati ya mita 4,000 na mita 2,000, katika ukanda wa erika, kuvumwani na msitu wa mlima, ambako mvua kubwa hunyesha na ambako zaidi ya nusu ya eneo linaloulisha mto hupatikana. Kwa maneno mengine, maji ya Kasese hutunzwa katika ukanda uleule ambao njia ya Ziwa Mahoma huupitia kwa siku tatu.

Jibu hilo lina faraja, lakini pia lina onyo. Theluji ikiisha, mito haitakufa kwa sababu hiyo. Lakini msitu ukikatwa, vinamasi vikikauka au erika ikiungua, hakuna barafu itakayoziba pengo. Binadamu wa Kasese hawezi peke yake kuzuia joto la dunia linalokula theluji ya Stanley. Msitu na vinamasi, kinyume chake, viko karibu na mikono yake, kwa kuvilinda au kuviharibu.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwezi Februari 2012, moto uliteketeza mimea katika ukanda wa juu wa Rwenzori, mahali ambapo unyevu kwa kawaida hauruhusu moto kushika. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 2013, mto Nyamwamba, ulio katika bonde la jirani na Mubuku, ulifurika baada ya mvua kubwa, ukabeba mawe makubwa, ukaua watu na kubomoa nyumba, madaraja na sehemu za Hospitali ya Kilembe. Mwezi Mei 2020 mafuriko yalirudi, na hospitali hiyo ikaharibiwa tena. Mvua kubwa ndiyo iliyoanzisha maafa hayo, lakini mitelemko iliyopoteza mimea yake na kingo za mito zilizolimwa huyapa maji mwendo ambao hapo awali hayakuwa nao.

Nani ananufaika na njia

Mstari ule kati ya shamba la mwisho na msitu ni mahali pa mvutano. Kwa Mkonzo ambaye babu yake alikata mianzi na kuchuma dawa bila kuomba ruhusa, hifadhi ilikuja kama uzio. Sheria ya Uganda inaagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudishwe kwa jamii za jirani, na mipango imewekwa ya kuruhusu baadhi ya matumizi, kama vile kuchukua mianzi na mimea ya dawa, kwa makubaliano. Hata hivyo, kwa familia nyingi faida inayoonekana moja kwa moja ni mshahara wa siku ya kupagaa mzigo, kuongoza wageni au kuwauzia chakula.

Hapa ndipo njia fupi kama ya Mahoma inapokuwa na maana yake. Safari ya kwenda Margherita na kurudi huchukua wiki nzima au zaidi, hugharimu fedha nyingi, na huhitaji kujua kutembea juu ya barafu. Tena barafu hiyo inapozidi kupasuka na kupungua, njia za juu huwa ngumu na za hatari zaidi. Njia ya ziwa inaweza kuchukuliwa na mwalimu aliye likizoni, na kundi la wanafunzi, na msafiri wa kutoka nchi jirani mwenye siku chache tu. Nayo haitegemei theluji. Siku vilele vitakapobaki miamba mitupu, msitu, mianzi na ziwa vitakuwa bado na cha kuonyesha, ikiwa vimetunzwa.

Mambo ya kujua kabla ya safari

Rwenzori ina mvua karibu mwaka mzima. Miezi yenye afueni ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, lakini hata katika miezi hiyo koti la mvua halikosekani begani. Nguo za akiba huwekwa katika mifuko ya plastiki, na seti moja kavu huhifadhiwa kwa ajili ya usiku tu.

Viatu bora kwa njia hii ni mabuti ya mpira, yale yale yavaliwayo na wakulima, pamoja na soksi nene. Viatu vya bei ghali vya kupandia milima hujaa maji katika kinamasi cha kwanza. Fimbo husaidia sana siku ya tatu, wakati wa kuteremka.

Kwenye kimo cha mita 3,000 baadhi ya watu huanza kuumwa kichwa, kukosa usingizi au kichefuchefu. Dawa ya kwanza ni kupanda polepole na kunywa maji ya kutosha. Anayezidiwa hapaswi kuficha hali yake kwa aibu. Kuteremka mapema ndiyo tiba ya uhakika. Wenye maradhi ya moyo au mapafu wamwone daktari kabla ya kuondoka nyumbani.

Msafiri kutoka nje ya Uganda ahakikishe hati zake za kuvukia mpaka ni halali, na apange safari yake mapema na ofisi ya hifadhi au na chama cha viongozi, ili wapagazi waandaliwe. Mizigo ipimwe kwa haki, na malipo na bahshishi vikubaliwe kabla ya safari kuanza, maana ugomvi mwingi wa mlimani huzaliwa kwenye lango.

Takataka zote hurudishwa chini. Moto hauwashwi ovyo. Hakuna mmea wala jiwe linalochukuliwa, na hakuna anayeacha njia kukwepa tope. Kanuni hizi si urembo wa wahifadhi. Kinamasi ambacho mguu wa mgeni umekiepusha na mfereji ndicho kitakachotoa maji miezi ya kiangazi, wakati mkulima wa Mubuku anapofungulia shamba lake maji.

Msafiri anaporudi Rwanda atavuka tena daraja la Katunguru. Wakati huo atakuwa anajua zaidi juu ya maji yaliyo chini yake: kwamba hayakutoka kwenye weupe unaoonekana katika picha za Rwenzori, bali yalidondoka kutoka kwenye kuvumwani na matawi ya erika, yakatulia katika vinamasi kama vile vilivyomlowesha miguu, na kuteremka taratibu. Theluji ikitoweka, hilo litakuwa kweli bado, mradi ukanda huo wa katikati ya mlima ubaki umesimama.